Ufa Ukumbini kwa Bibi Mwajuma

Jumatatu, 5 Mei

Ramani ya fremu za Kasulu, mara ya nne. Mteja anauza mbolea lakini anataka nguzo za ikulu mbele ya duka. Nimemchorea. Sina nguvu za kubishana Jumatatu.

Mchana akaingia mwanamke mmoja, viatu mkononi. Anaitwa Neema. Kwao Kidahwe, kasomea ngoma pwani, sasa karudi. Kabla hata hajakaa akasema sakafu ya ofisi yangu imeinama kuelekea dirishani. Nikamwonyesha kiti.

Anataka kufanya onyesho Ujiji, ndani ya nyumba ya zamani. Tarumbeta, besi, dramu, na yeye akicheza papo kwa papo, bila hatua iliyopangwa. Kazi yangu ni kukagua kama nyumba inafaa kuingiza watu. Nikamwambia kumbi zipo mjini, tena zenye viti. Hataki ukumbi wa kukodi. Anataka nyumba nayo icheze. Sikuelewa, na kutoelewa kunanikera kuliko njaa.

Alipoondoka nilipima sakafu. Imeinama.

Jumatano, 7 Mei

Ujiji. Nyumba ni ya Bibi Mwajuma, mtaa wa chini, upande wa ziwa. Nimeipenda kabla ya kuingia, na hilo ni kosa kwa mkaguzi. Kuta za udongo nene kupita urefu wa kiganja na nusu. Baraza yenye nguzo za mbao. Ukumbi mrefu, mwembamba, unaotoka mlango wa mbele mpaka mlango wa uani, vyumba kushoto na kulia. Ukisimama barazani unaona mpaka kuku wa uani.

Ukuta wa kulia wa ukumbi una ufa. Kutoka darini mpaka usawa wa goti. Kidole kinaingia. Chini ya ukuta udongo una unyevu. Ziwa lilipanda miaka michache iliyopita na huku bondeni maji hayajarudi yote.

Mwanawe, Idrisa, alikuwepo. Mpole, shati limenyooka. Anataka nyumba ibomolewe, zijengwe fremu. Mama yake hataki. Wamekubaliana kitu kimoja tu: mtaalamu akisema nyumba ni mbovu, inavunjwa. Mtaalamu mwenyewe ni mimi. Bibi kakubali onyesho kwa sababu anataka watu waione nyumba ikiwa imesimama. Idrisa kakubali kwa sababu onyesho linaleta ukaguzi. Kila mtu kanialika kwa lake.

Nikisema nzima na ukuta ukamwangukia mtu, ni mimi. Nikisema mbovu na si mbovu, nimemhamisha bibi wa watu bure.

Nimebandika vipande vitatu vya kioo kuvuka ufa, kwa plasta, juu, kati na chini. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinakatika. Kioo hakinyumbuki. Nimewaeleza Idrisa na Neema wasiviguse. Bibi alikuwa jikoni.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemjua mpiga tarumbeta. Mzee Sadiki, mstaafu wa reli, zamani alipiga kwenye bendi ya wafanyakazi. Kwake jazi ni dansi lile la zamani, magitaa na tarumbeta, watu wamevaa suti. Kwa Neema jazi ni kubuni papo hapo, hujui unakokwenda mpaka ufike. Wamebishana njia nzima. Walipoanza, mzee kupiga na Neema kucheza, sikuona tofauti.

Mzee alipofika kwa Bibi hakukaa. Aliingia kila chumba akapuliza sauti moja, akasikiliza, akatoka. Chumba cha kwanza, anasema, kinameza. Cha pili kinarudisha nusu. Ukumbi ulirudisha yote na nyongeza. Nilisikia kwenye meno.

Miaka yote nachora vyumba na sijawahi kumuuliza mteja kitakuwa na sauti gani. Nimeona aibu kidogo. Zaidi nimeona hamu. Nimerudi mjini nikiiga sauti ile kwa midomo, dereva wa bajaji ananitazama kwenye kioo.

Jumatatu, 12 Mei

Nguzo za baraza hazilingani. Tatu zimekaribiana, halafu pengo pana, halafu mbili. Mzee Sadiki alipita mbele ya baraza akipiga makofi kufuata nguzo na ikawa mdundo kabisa, dansi tupu. Akasema fundi wa zamani alijenga kwa kusikiliza. Nikasema fundi wa zamani aliishiwa mbao. Tumebishana nusu saa, nimefurahi sana.

Mwisho tukamuuliza Bibi Mwajuma.

"Pale pa jeneza," akasema. "Lipite bila kugonga. Baba yake Idrisa katokea pale. Na mama mkwe. Na wanangu wawili."

Neema akasema basi hatacheza pale. Bibi akamkazia macho.

"Chezeni papo hapo. Pamechoka kupitisha maiti tu."

Idrisa aliingia ndani. Sikujua niangalie wapi, nikaandika vipimo.

Alhamisi, 15 Mei

Mazoezi. Neema kaniomba nichore ramani ya nyumba uani kwa majivu, ukubwa uleule. Nikachora. Akaisoma kwa miguu. Kwenye ukuta anasimama, au anajikunja. Kwenye mlango anamwagika. Besi ikawa inamfuata, halafu yeye akawa anaifuata besi. Nilichora mlango mmoja vibaya, karibu mno na kona, akagonga kona ambayo haipo. Nilishtuka. Kosa la penseli yangu limeonekana begani kwa mtu.

Amepanga mwisho wa onyesho uwe ukumbini, ndani kabisa, watu wamesimama kuta zote mbili na yeye katikati na tarumbeta juu yake. Kila kitu kinaelekea hapo.

Wakanipa kipande cha mti nigonge. Nimekataa. Nimegonga. Bibi Mwajuma, kwenye kigoda chake, akasema injinia ana mkono wa kutwanga kisamvu. Mimi si injinia, ni msanifu majengo, lakini nimechoka kueleza.

Vioo vizima vyote vitatu.

Jumamosi, 17 Mei

Kioo cha chini kina mstari. Huenda ni mkwaruzo wa wembe wa kukatia. Nimefuta kwa kitambaa. Bado upo. Sikumbuki kama ulikuwepo.

Nimetundika timazi, uzi wenye uzito chini, kwenye kuta nyingine zote. Zimesimama wima kuliko mimi. Shida, kama ipo, ni ule mmoja. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 20 Mei

Mvua ya kuaga msimu, tangu jana mchana. Niko Kasulu kwenye nguzo za ikulu. Barabara imejaa tope, siwezi kushuka leo. Nawaza ule mstari tu.

Idrisa kapiga simu. Shikamoo zote, habari za kazi zote, kisha: "Injinia, wewe andika ukweli tu." Anasema kweli. Ndiyo maana ananiudhi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimefika Ujiji asubuhi moja kwa moja kutoka Kasulu, sijaoga. Ukumbi mweupe. Mweupe pe. Ufa haupo.

Bibi Mwajuma na majirani zake wamefanya kazi siku mbili. Wameziba kwa udongo, wamekandika, wamepaka chokaa ukumbi mzima kama Idi ni kesho. Bibi kasimama mlangoni na chokaa mpaka kwenye nyusi, anangoja nimsifu.

Nikauliza vioo viko wapi.

"Humo humo. Mama Asha, jirani, alisema kitu alichobandika mgeni bila ruhusa hakibanduliwi, kinafunikwa. Tulidhani ni kinga yako."

Kinga. Nilitoka nje. Nimezunguka nyumba mara mbili. Hasira yote ilikuwa juu yao, halafu ikanirudia. Nilimweleza mwanawe, nikamweleza mchezaji. Mwenye nyumba nilimpita jikoni nikamwambia chakula kinanukia vizuri. Mimi ndiye niliyebandika mambo ukutani kwa mtu bila ruhusa.

Nikamweleza sasa, nimekaa chini. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wageni wa kesho wangeniona mimi mwanamke wa namna gani?"

Kwao Ujiji, na kwetu Uha pia, mgeni haonyeshwi ufa.

Udongo ni mbichi. Nikiuchimbua leo kwa nguvu naweza kuvivunja vioo mwenyewe nisijue kilichovunja ni nini. Kwa hiyo sijui kitu. Nimeamua: hakuna mtu kuingia ukumbini kesho. Hata mmoja.

Neema hakulia. Ingekuwa afadhali. Alikaa juu ya ramani ya majivu, mahali pa ukumbi, akasema, "Dada, umeukata moyo wa onyesho." Mzee Sadiki alifuta tarumbeta, akafuta tena. Idrisa akauliza taratibu, kwa hiyo ni mbovu? Nikasema sijui. Hakuna neno gumu kama hilo kwenye kazi yangu. Bibi alikuwa anasikiliza. Nimeona mikono yake imeanza kukusanya kanga bila sababu.

Jumamosi, 24 Mei

Onyesho lilianza baada ya alasiri, sharti liishe kabla ya magharibi. Bibi alishaongea na wazee wa msikiti.

Watu wengi kuliko nilivyodhani. Wauza mawese, walimu, kina mama waliopaka chokaa wamekaa mbele kama wenye shughuli. Nusu barabarani, nusu uani, wameingia kwa kichochoro cha pembeni. Ukumbi mtupu. Nimefunga kamba mlango wa mbele na mlango wa uani. Nikasimama barazani, kiganja kwenye ukuta wa mbele, pale unapokutana na ule wa ufa, kama daktari asiye na dawa.

Hawakuwa wamepanga. Wanaapa hawakupanga. Mzee Sadiki alisimama kwenye kamba ya mbele akapuliza ndani. Neema yuko uani, hamwoni, watu wamemziba. Dramu na besi ziko barabarani. Sauti ikaingia ukumbini ikiwa ya Mzee Sadiki, ikatokea uani ikiwa ya nyumba. Imechelewa kidogo. Imenenepa. Neema, waliniambia wa uani, alisimama akaisikiliza. Ikaja ya pili. Akaanza kucheza ile iliyotoka, si ile iliyopigwa. Vishindo vya miguu yake vikarudi kupitia ukumbi mpaka barabarani, na mpiga dramu akavidaka. Watu wa mbele walisikia miguu ya mtu wasiyemwona. Wa nyuma walisikia tarumbeta isiyo na mwenyewe. Wakaanza kuchungulia, kisha wakaacha kuchungulia, wakawa wanasikiliza tu.

Ndipo nikaelewa alichoniambia Neema ofisini siku ile.

Bibi Mwajuma aliinuka. Akatembea mpaka kwenye lile pengo pana la nguzo, akasimama katikati, akatikisa bega moja. Halafu jingine. Basi, hakufanya zaidi. Idrisa alikuwa anarekodi kwa simu. Akaishusha, akaitia mfukoni, akawa anamwangalia mama yake kwa macho.

Chini ya kiganja changu ukuta ulitetemeka. Besi au ukuta wenyewe, sikuweza kutofautisha. Niliogopa na nilitaka iendelee. Yote mawili, nayaandika kama yalivyo.

Mzee Sadiki alikata kabla ya adhana.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda kanisani. Nimefika kwa Bibi saa mbili, nikamwamkia, nikamwomba ruhusa kwanza. Akaniruhusu.

Chokaa ina mstari mwembamba kama unywele, palepale pa zamani. Udongo mbichi ukikauka hupasuka, hilo halisemi kitu. Nimekwangua kwa kisu kidogo kidogo mpaka kwenye vioo. Cha juu kimekatika. Cha kati kimekatika. Cha chini kimekatika na pande zake hazikutani tena, moja imetokeza mbele. Udongo umeingia katikati na kukaukia humo. Kwa hiyo vilikatika kabla ya kufunikwa. Ni mvua ile, nilipokuwa Kasulu. Ukuta unasogea.

Nimevifunga vipande kwenye kitambaa. Nilitaka sana iwe vinginevyo.

Nikawaita wote wawili barazani. Nikasema ukuta ule ni mbovu, ushushwe kabla mvua hazijarudi. Idrisa akaitikia kwa kichwa, alijua. Nikaendelea. Nimepima kuta zilizobaki, zimesimama. Paa linaweza kushikiliwa kwa mirunda. Ubovu ni wa ukuta mmoja na maji yaliyo chini yake. Nyumba si mbovu. Huo ndio ukweli wangu wote, nusu yake kwa kila mmoja.

Bibi Mwajuma akanigeukia. Kuku akapita ukumbini kutoka uani, akatokea mbele.

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu, Bibi."

"Basi tujenge ukuta," akasema. "Lakini uwe mnene vilevile. Sitaki nyumba ibadilike sauti."

Nikamwangalia Idrisa. Idrisa alikuwa anaangalia pengo la nguzo. Nikatoa futi kamba nianze kupima. Ni ndefu, mtu mmoja hatoshi. Idrisa akavua viatu, akaingia ukumbini, akashika ncha ya pili.