Matabishi ya Guy wa Mubi

Masisi, Jumatano, baada ya mvua

Kaka yangu mpendwa Gisubizo,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetuamsha tena leo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, tumbo limetulia, na umejifunza kula kabla jua halijageuka. Sisi huku tungali hai. Papa anatembea, ila magoti yake yanamgombeza kila akipanda kilima. Mama ni mzima. Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa, ndama ni dume, na tayari ana kiburi cha mama yake. Usianze kujiuliza barua imekufikiaje, maana ulituambia uko Kisangani na hukuacha anwani. Hayo nitayafikia. Kwanza niache nilalamike, kaka, kwa sababu nimechoka, nimechoka mpaka kwenye kucha.

Unajua kwamba tangu uondoke, na sasa ni mwaka wa tatu, jina lako halitajwi mezani. Papa bado anasema kwamba fromaji sitini ziliishia tumboni mwa mbwa kwa sababu uliacha wazi mlango wa chumba cha kukaushia, na kwamba mtu asiyeomba msamaha haachiwi ufunguo. Sasa magoti yamemshinda. Ametangaza kwamba maharagwe yakishavunwa, nyumba ya fromaji ataikabidhi kwa Dusabimana, mtoto wa baba mdogo. Dusabimana, ambaye hata maziwa yaliyochacha hayatambui mpaka ayanywe! Nikawaza kwamba kama biashara itachangamka mikononi mwangu, Papa ataona hakuna haraka, na wewe utapata muda wa kurudi. Hiyo ndiyo sababu iliyoniingiza kwenye mambo ya tovuti, na ningejua nisingeingia.

Fundi wetu anaitwa Merdi, mtu wa kompyuta wa kule Goma. Alitutengenezea ukurasa wa mauzo, akaandika juu kabisa neno "jibini". Mama akauliza hiyo jibini ni ugonjwa gani, ikabidi abadilishe aweke fromaji kama watu wanavyosema. Akataka picha ya kutamanisha. Nilikuwa nayo moja ya zamani kwenye simu, mbao zimejaa fromaji mpaka darini na mwanga unaingia kutoka mlangoni, nikampa hiyo. Papa aliitazama muda mrefu, akauliza ni mwaka gani tulikuwa na nyingi hivyo. Nikamwambia chai inapoa.

Kisha Merdi akasema kwamba ukurasa usio na vitufe vya kulipia ni duka lisilo na mtu wa kupokea pesa. Nikamwomba aviweke. Akajibu kwamba ni rahisi tu, nitaviweka mwenyewe, kazi ni kunakili na kubandika. Kaka, mtu akikuambia ni rahisi tu, mwangalie kama yeye ndiye atakayeifanya. Alinitumia maandishi marefu kama litania ya watakatifu. Nikayabandika. Badala ya kitufe, ukurasa ukaonyesha maandishi yenyewe, mistari kumi na minne ya mabano na nukta, katikati ya bei na picha. Mama akauliza ni Kilatini cha padri yupi. Nilirudia mara tano, na kila mara nimesimama juu ya lile jiwe la kwenye uzio, kwa sababu mtandao wetu bado unapatikana pale tu, na ng'ombe wananitazama kama mtu aliyerogwa.

Baadaye ikaja fomu. Ikataka jina la barabara, namba ya nyumba na namba ya posta. Nikaandika ukweli, kwamba ukipita msalaba wa misheni unapanda mpaka kwenye josho la ng'ombe, halafu unauliza kwa Papa Sebarenzi. Ikakataa. Merdi akaniambia niandike sifuri tano. Ikakubali mara moja! Basi ujue kwamba mbele ya mashine hatukai Masisi, tunakaa sifuri tano.

Lakini hayo yote ni mchezo ukilinganisha na Papa. Akaunti ilitakiwa iwe kwa jina la mwenye mali, kwa hiyo iko kwa jina lake na namba yake. Kila ninapotaka kugusa vitufe, tarakimu sita zinatumwa kwenye simu yake, na baada ya dakika tano zinakufa. Nikatelemka kilima mbio, nikamwomba anisomee. Yeye akaitia simu kwenye mfuko wa koti akafunga kifungo. Radio imekataza, alisema, namba hizo haupatie muntu, hata mutoto wako, juu watoto njo wezi wa kwanza. Nikamwambia ni mimi, Nishimwe, uliyenizaa. Akasema hata wezi wanajua majina ya watoto wa watu. Tarakimu zikafa. Nikapanda tena, zikaja nyingine, nikatelemka, zikafa. Siku tatu! Siku ya nne Mama aliichukua simu Papa akiwa anakamua, akanisomea kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na kilima kizima kikaisikia siri yetu. Hivyo ndivyo vitufe viwili vilivyozaliwa, kimoja cha fromaji nzima, kingine cha nusu.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Valérie wa Goma. Alibonyeza nzima, akalipa, nami nikaruka juu ya jiwe kwa furaha nikateguka mguu. Hazikupita dakika kumi akapiga simu, akasema kwa kuwa amekwisha kubonyeza, sasa tuongee bei. Nikamweleza kwamba bei ndiyo hiyo aliyolipa. Akasema sawa, basi matabishi yangu iko wapi? Nikamjibu kwamba mashine haijui kumwongezea mtu kipande juu ya alichonunua. Akasema mashine hiyo ni choyo kama aliyeiweka, nimrudishie pesa zake. Mama alisikia yote. Aliweka mwiko chini, akasema kuuza bila matabishi njo kumufungia muntu mulango ku uso, na yeye hatakamua maziwa ya watu wanaofungiwa mlango.

Basi nikabuni. Niliweka kitufe cha tatu, Mama akinisomea tena tarakimu, nikakiita Matabishi, bei sifuri. Nilijiona mwerevu kuliko Merdi. Asubuhi yake nikapanda kwenye jiwe na kukuta watu arobaini na mmoja wameagiza. Wote matabishi! Hakuna aliyegusa nzima, hata nusu. Nilitaka kufuta kila kitu, lakini Mama akasema ahadi ni ahadi, kama tumeandika bure, basi ni bure. Tulikata fromaji nne vipande vipande, tukavifunga kwenye majani ya mgomba kama tunagawa mkate wa Bwana. Papa alipita, akatazama, akasema Dusabimana asingefanya ujinga huu. Neno hilo liliniuma, kaka, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu yako pia.

Niliandika kwa rangi nyekundu kwamba matabishi ni ya mwenye kununua. Watu wetu wana haya, Mungu asifiwe. Wakaanza kununua, hata Mama Valérie akarudi akiwa na dada zake wawili. Mmoja tu hakuona haya, jina lake Guy, wa Mubi. Kila Jumatatu anaagiza matabishi moja, na chini anaandika, "Ganda tu, si ya katikati." Hanunui kitu! Kifurushi chake kinakwenda kwa pikipiki siku tatu, kupitia Walikale, mpaka kwenye duka la Mama Kavuo, yule mfanyabiashara Mnande mwenye malori, na nauli tunalipa sisi. Nilipiga namba ya huyo Guy mpaka kidole kikafa ganzi, haipatikani. Nikampigia Mama Kavuo kumwuliza ni mtu wa namna gani. Akanijibu taratibu kwamba iko muntu wa kazi tu, dada, anapakiaka malori, hana maneno mingi.

Nikasema sasa kitufe kinatoka. Mama akakataa katakata. Tena akaanza kukata kipande cha Guy yeye mwenyewe, na kila wiki kikawa kinanenepa. Nikapiga kelele kwamba hiyo si matabishi tena, hiyo ni robo. Akasema kisu kimeteleza. Kisu kinateleza kila Jumatatu!

Jumatatu iliyopita niliingia jikoni nikamkuta anapaka ganda chumvi kabla ya kulifunga. Nikasimama pale pale. Nani anakula ganda na chumvi? Kwenye kilima hiki nimemjua mtu mmoja tu, aliyechapwa mara ngapi kwa kumenya fromaji za watu ili achome maganda kwenye makaa. Nikamwuliza Mama amejua tangu lini. Akasema tangu Jumatatu ya kwanza, na akaniuliza mimi nilidhani alikuwa anakilinda kitufe kwa ajili ya nini. Guy! Kaka, kati ya majina yote ya dunia, hukuona jingine?

Nilikuwa na hasira nyingi za kukuandikia. Nikapanda kwenye jiwe, nikafungua ukurasa ili nione wewe unaona nini kila wiki kabla hujabonyeza. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ile picha. Hapo hasira ikaniisha.

Itazame tena, ingawa najua umekwisha kuitazama. Fromaji ni sitini, na zimefungwa uzi mwekundu ulioufunga wewe kwa mkono wako, kwa ajili ya sherehe ya upadirisho. Hatujawahi kufunga uzi mwekundu siku nyingine. Picha ile niliipiga alasiri ya siku ile ile. Wewe adhuhuri ulikuwa umefunga mlango na kutundika ufunguo kwenye msumari wake kama kawaida. Mimi ndiye niliyeuchukua. Nilifungua mlango wazi kabisa ili mwanga uingie, nikapiga picha nne, nikakimbia kwenye jiwe kuwatumia rafiki zangu wanisifu. Mlango niliusahau. Papa alipoliita jina lako kwa ukali, mimi nilikuwa nyuma ya Mama, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikanyamaza. Kesho yake niliurudisha msumarini, nikanyamaza. Ukaondoka na begi lako, nikanyamaza miaka mitatu, halafu kwa upumbavu wangu nikaitundika picha hiyo hiyo dunia nzima iione. Wewe uliiona, ukajua, na hukusema neno. Uliagiza ganda tu. Nimekuwa nikimtukana Guy kwamba anachukua bila kulipa, na mimi nimekuchukulia nyumba yako. Nisamehe, kaka. Sina maneno mengine.

Jana nilimwambia Papa, mbele ya Mama, nimepiga magoti. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Aliomba aione picha, akauweka uso karibu na simu, akaufuata ule uzi mwekundu kwa kidole. Akakaa nayo mpaka ng'ombe wakarudi. Kisha akasema nitoe kile kitufe cha matabishi. Nikamkumbusha kwamba tarakimu zitakuja kwenye simu yake. Akasema nipande tu.

Nikasimama juu ya jiwe nikingoja sauti ya Mama. Badala yake nikamwona Papa mwenyewe anapanda, na magoti yake yale, anapumzika kwenye kila nguzo ya uzio, simu ameishika mbele kwa mikono miwili. Alipofika akanisomea tarakimu zote sita, moja moja, kwa sauti. Zilikuwa zimekufa zamani! Tukaomba nyingine. Akakaa chini kwenye jiwe, akasoma tena.

Kwa hiyo kitufe kimetoka, matabishi ya wanunuzi Mama ataitia kwa mkono wake, na Guy wa Mubi hana chake tena. Mama anasema mutoto wa nyumba hawamupatie matabishi, matabishi iko ya bakiliya, wale wa kununua. Usitafute ganda katika kifurushi hiki, hamna. Kitu kigumu kilichofungwa kwenye kitambaa ni ufunguo wa chumba cha kukaushia. Papa ameufunga mwenyewe. Nilimwambia kwamba tunao huo mmoja tu. Akasema anajua. Nikamwambia ndani mmebaki fromaji ishirini na tatu, zinatakiwa kugeuzwa kila siku ya pili la sivyo zitaoza upande mmoja. Akasema anajua hilo kabla sijazaliwa. Nikamwomba basi tuvunje kufuli. Akasema ule mulango hawauvunje, Gisubizo njo ataufungua. Unaona watu ninaokaa nao? Pikipiki ni siku tatu kwenda na siku tatu kurudi. Fanya hesabu mwenyewe, kisha fanya haraka.

Nisalimie Mama Kavuo, mwambie namshukuru kwa kukutunza, ingawa kwa kunidanganya bado nimemkasirikia. Mama anakusalimu, amekwisha kununua chumvi. Ndama wa yule ng'ombe wa pembe moja hajapewa jina, Papa anasema linakungoja. Mungu akulinde kwenye madaraja ya njiani.

Usibonyeze kitu chochote. Panda pikipiki.

Ni mimi, dada yako niliyekukosea,
Nishimwe