Vitambaa Humeza Sauti

6 Februari

Kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu, wewe, mkwe wangu na mjukuu. Natumaini mko wazima. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha miaka niliyobeba karatasi kiwandani. Naandika barua kwa sababu simu zenu sizipendi. Siku hizi mkipiga mnanong'ona kama watu walioiba kuku. Hii nitaituma na basi la asubuhi, mkaichukue stendi.

Mama yako atakuwa ameshafika. Aliondoka Jumanne na mkoba mmoja. Sikumfukuza, na yeye hakugomba. Alisema tu kwamba nyumba haina pa kukaa. Ni kweli, sebule nimeitoa vitu, lakini sababu nilimweleza. Spika zangu zimepoteza sauti nyembamba. Matoazi, filimbi, mwanamke akiimba kwa juu, vyote vimefunikwa blanketi. Besi ipo, tena nzuri. Fundi wa spika, yule wa nyuma ya soko, alikuja akabadilisha zile spika ndogo za juu, kisha akasema tuangalie na chumba, maana vitambaa humeza sauti. Basi nikatoa zulia, nikashusha mapazia, na kochi nikampa mwalimu, jirani yetu. Cherehani ya mama yako niliisogeza koridoni kwa sababu meza yake hutetemeka besi ikipiga. Kimebaki kiti kimoja katikati, mahali ambapo sauti za spika mbili zinakutana.

Bado hazijafunguka, lakini ziko karibu. Mwambie mama yako nikimaliza nitarudisha kila kitu. Mwulize pia birika alikuwa ananunua wapi. Hili jipya nalo limeungua. Ni la tatu, na duka lilidai yote yanapiga filimbi. Hakuna hata moja lililopiga.

Baba yako

20 Februari

Baba, shikamoo.

Barua imefika. Sisi hatujambo. Mjukuu wako alikuwa na mafua, yamepita. Vipi mgongo? Usibebe tena masanduku ya spika peke yako.

Mama yupo. Analala chumba kimoja na mtoto. Asubuhi anachambua mchele, jioni anachambua ule ule. Halii. Nilitegemea angelia, tukajua pa kuanzia.

Nilimuuliza habari za kochi. Akasema si kochi lililomtoa, wala si mapazia, ingawa aliyashona mwenyewe. "Nilimwita kutoka jikoni mara ngapi, hakugeuza hata shingo," alisema. "Fundi akija wanaongea mpaka adhuhuri. Mimi nikisema, anatazama spika. Nimezeeka na mtu anayechagua wa kumsikiliza." Kisha akaomba ungo.

Nimeandika alivyosema, sikutia chumvi. Mimi mwenyewe sijui nahisi nini. Nafua, napika, naenda kazini, narudi. Watu wakiniuliza mama yako amekuja kukaa mpaka lini, nasema amekuja kumwona mjukuu. Mwandikie yeye, Baba. Mimi si wa kuandikiwa haya.

Mwanao

11 Machi

Kifungua mimba,

Marahaba. Nashukuru mafua yamepita. Mimi sijambo, na mgongo umetulia.

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya amplifaya, nikaitoa nikaisoma tena. Mama yako anasema simsikilizi. Mimi sikumbuki kuitwa. Miaka yote akiita naitika. Ni yeye aliyeanza kusema chini chini, maneno anayatafuna nusu, na nikimwuliza "umesemaje" anajibu "basi." Sasa hapo nani amemnyamazia mwenzake?

Nimeuza pikipiki. Nimeagiza spika ndogo za juu kutoka ng'ambo, zenye utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Fundi ameunganisha upya nyaya za ndani na kujenga masanduku mapya ya mbao nzito, watu wawili hatuyainui. Alisema nikizisikia nitatokwa machozi. Yeye yalimtoka kweli, nilimwona akijifuta. Mimi sijasikia tofauti. Nilikaa kwenye kile kiti, nikazungusha kitufe cha sauti nyembamba mpaka kikagoma, na blanketi likabaki pale pale. Sikukasirika. Nilikaa tu nikitazama mbao.

Njoo usikilize wewe. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unajua nani anakuja kwa kusikia mguu wake tu. Ukiniambia zimefunguka nitakuamini, nitaacha, na mama yako atarudi nyumbani.

Baba yako

2 Mei

Baba, shikamoo.

Nilifika salama kutoka kwako, wote wazima. Nisamehe kwa kuondoka bila kukujibu. Ingebidi nipige kelele, na jambo lenyewe si la kupigia kelele. Naona heri ulisome ukiwa umekaa.

Ulinikalisha kwenye kiti chako, ukaweka santuri ya yule mwimbaji mliyekuwa mkimpenda wewe na Mama. Baba, iliniumiza. Kila herufi kali aliyotamka ilikuwa kama mtu anakwangua ukoko ndani ya sikio langu. Yule fundi hakulia kwa utamu. Ukasimama mlangoni ukaniuliza, "Unaona? Bado imefunikwa." Nikakwambia inaniumiza. Ukatabasamu, ukasema, "Enhe, nilijua nawe utaona."

Kisha ukazima muziki tukakaa. Jikoni birika likaanza kupiga filimbi. Lilipiga mpaka mbwa wa mwalimu akabweka. Wewe ulikuwa unanieleza habari za mbao. Nilikutazama, nikisubiri ugeuke. Mwishowe nikaenda kuliepua mwenyewe, na chini lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi.

Spika hazijafa, Baba. Nadhani hata zile za kwanza hazikufa. Ni masikio. Miaka ile yote ulisimama kando ya mitambo ya kuchapa pale kiwandani, na wakati ule nani aliwapa vya kuziba masikio? Sauti nene bado zinakufikia, ndiyo maana mnaelewana na fundi, mwenye sauti ya ngoma. Ya Mama ni nyembamba. Yangu pia.

Mama sijamwambia. Hii si habari yangu kuitoa. Nenda hospitali wakupime, kisha umwambie mwenyewe.

Mwanao

18 Juni

Baba, shikamoo. Hujambo huko? Sisi wazima.

Hujajibu. Nilimpigia mwalimu, akasema anakuona ukifagia uani, ila muziki hausikiki tena. Nilipomweleza Mama, aliacha kuchambua kidogo, akauliza kama unaumwa. Nikasema sijui.

Ameanza kutafuta chumba cha kupanga, mtaa wa pili kutoka hapa. Anasema atanunua cherehani nyingine. Nilitaka kumzuia, nikajikuta nimekaa tu. Mwezi ujao atalipia.

Mwanao

9 Julai

Kifungua mimba wangu,

Marahaba, na nisamehe kwa kimya. Mjukuu hajambo? Mimi mwili mzima.

Nilikwenda. Daktari, binti wa rika lako, aliniingiza kwenye kijumba kilichofunikwa vitambaa kuta zote. Nilicheka peke yangu. Akanivisha vitu masikioni, akaniambia kila nikisikia mlio nibonyeze kitufe. Ile minene niliisikia, nikabonyeza. Kisha pakawa kimya, nikasubiri aendelee. Nilisubiri kwa adabu kabisa, kidole juu ya kitufe. Alipofungua mlango alikuwa ameshamaliza.

Sikuhisi kitu. Nilirudi kwa miguu, nikabandika chai, nikasimama mbele ya jiko mpaka nikaona mvuke. Hivyo ndivyo ninavyopika sasa. Kifaa cha sikio kimeagizwa. Daktari anasema kitasaidia maneno kidogo. Muziki hautarudi kama ulivyokuwa.

Kochi nimelirudisha. Mwalimu alinisaidia kulibeba, wala hakuuliza. Limekaa mahali pake pa zamani na linaziba spika ya kushoto yote. Acha lizibe. Zulia nimelitandika. Mapazia nimeyatundika mwenyewe, moja naona liko kichwa chini miguu juu, aliyelishona atanicheka. Cherehani iko dirishani penye mwanga.

Ulisema nimwambie mwenyewe. Barua hii ni yake pia. Msomee yote, usiruke mahali. Aliponiita kutoka jikoni, sikusikia. Sikuchagua. Nilitoa vitu vyake vyote nje nikitafuta sauti iliyopotea, kumbe na ya kwake ilikuwa humo humo. Hilo nalihisi, mwanangu. Mengine yote yamekufa ganzi, lakini hilo nalihisi.

Akiamua kupanga chumba, sitamlaumu, na cherehani nitamletea. Akiamua kurudi, mwambie asibishe hodi. Sitasikia. Mlango nauacha wazi, aingie tu.

Baba yako