Pikapu Zisizovuma

Igogo, Mwanza
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Machibya,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji Eugenia na watoto mkiwa wazima huko Songea. Mguu unaendeleaje? Shemeji alituambia wakati wa Pasaka kwamba umeanza kuukanyagia bila fimbo, tukafurahi sana. Sisi hapa tunapumua. Tereza ana presha yake ileile, ila anakunywa dawa na bado anauza dagaa. Kule Bujora mahindi yalikauka kabla ya kubeba, mpunga kidogo umepatikana, na mama mdogo anakusalimu.

Najua umenipigia simu mara tatu nami sikupokea. Usidhani nimekukasirikia. Kuna jambo limenipata, na ni rahisi kuliandika kuliko kulisema.

Katika barua yako uliniuliza ununue pikapu zipi za gitaa lako, hizi mpya zisizovuma. Tangu Februari nimezishika aina tatu kwa mikono yangu. Aliyeniletea ni Hellen, binti anayepiga solo katika kwaya ya parokia. Kanisa lao liko karibu na transfoma, na kila akiwasha gitaa spika zinavuma mpaka padre anakatiza mahubiri. Duka moja la Dar lilikubali kuwatumia seti tatu, wachague moja na mbili zirudi. Kazi ya kuchagua wakaniachia mimi.

Pikapu zetu za zamani unazijua: sumaku, waya mwembamba umezungushwa kuwa koili moja, basi. Zinanasa mtetemo wa nyuzi, na zinanasa pia uchafu wote wa umeme uliomo chumbani. Hizi mpya zina koili ya pili iliyozungushwa kinyume, ili mvumo wa hii uue mvumo wa ile. Seti ya kwanza koili zimepandana, moja juu ya nyingine, ndefu mpaka nikalazimika kuchimba mbao kidogo. Ya pili koili zimegawana nyuzi, moja inashika nene na nyingine nyembamba. Ya tatu zimepandana pia, ila waya wake umezungushwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo ina nguvu.

Nilizifunga kwa zamu kwenye gitaa lilelile, nyuzi zilezile, spika ileile. Zote tatu ziliua mvumo. Na sauti nayo niliisikia ni moja. Nilisikiliza siku nne nisione tofauti, basi nikachagua ya tatu kwa ajili ya ile nguvu yake.

Jumamosi Hellen akaniita mazoezini. Alipiga nusu ya wimbo, akaacha.

"Fundi, nyuzi nyembamba zimekufa," akasema. "Ni kama gitaa limefunikwa blanketi."

Nikamwambia si kweli. Akawauliza wenzake, wote wakasema kama yeye. Kaka, naona haya kukuandikia nilichomjibu. Nilimwambia mbele ya kwaya nzima kwamba nilianza kutengeneza magitaa kabla mama yake hajaolewa, na kwamba ajifunze kwanza kupiga ndipo aje anifundishe kusikia. Akachomoa waya, akainamisha kichwa, akatoka. Sikumfuata.

Nyumbani nilimsimulia Tereza nikitegemea atanitetea. Alisogeza kiti akakaa mbele yangu ili niuone mdomo wake.

"Baba Justa, huu mwaka wa pili nikikuita ukiwa umenipa mgongo huitiki. Mwanzo nilidhani unanidharau. Baadaye nikajua hunisikii."

"Mbona hukuniambia?"

"Ngosha alikuambia, ukamfukuza."

Ngosha unamkumbuka, tulifanya naye kazi meza moja miaka kumi na moja. Mwaka juzi alinishauri taratibu kwamba magitaa yanayopita mikononi mwangu yanatoka na sauti kali, inachoma, na wateja wanalalamika. Nikasema ana njama ya kuninyang'anya kazi. Nikamtolea vifaa vyake nje watu wakitazama.

Basi nikaenda hospitali. Walinivalisha vitu vya masikioni, wakanipa kitufe, wakasema kila nikisikia mlio nibonyeze. Mwanzoni nilibonyeza vizuri. Halafu nilikaa muda mrefu nimekishika kile kitufe, nikidhani mashine imekwama. Haikuwa imekwama. Daktari alinionyesha mstari unaokwenda sawa, kisha unaporomoka. Sauti nene ninazo bado, nyembamba zimeondoka na hazirudi; kumbe ndiyo maana nilikuwa nayaongezea magitaa ukali. Akaniuliza nimefanya kazi gani. Nikamwambia miaka kumi na tisa ya bendi, nimesimama mbele ya spika.

Nilimfuata Hellen kwao Butimba nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alinisamehe, ila tangu siku ile ananiongelesha kwa uangalifu, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Kwa Ngosha nilikwenda na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilimkuta Buhongwa anauza vipuri vya pikipiki. Vifaa vyake vyote vya magitaa alishaviuza, na hajagusa gitaa tangu nilipomfukuza. Hakunigombeza. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja siku moja tu kwa ajili ya kwaya.

Alikuja. Mimi nilifungua na kufunga skrubu, Hellen akapiga, Ngosha akasikiliza. Wakaichagua seti ya pili. Kwa hiyo hilo ndilo jibu lako: chukua zile ambazo koili zimegawana nyuzi. Hazivumi, na nyuzi nyembamba zinabaki wazi, ingawa Ngosha anasema ule mng'aro wa pikapu za zamani haufiki wote. Nakuandikia kama nilivyoambiwa.

Alipomaliza nilimwomba arudi, achukue meza iwe yake. Alinawa mikono, akasema, "Kaka Shigela, umechelewa." Hajarudi. Nami tangu Mei sijafungua kibanda.

Jumapili iliyopita nilikaa benchi la nyuma kanisani. Niliona vidole vya Hellen vikipanda juu kabisa ya shingo ya gitaa, na watu wakifumba macho kwa raha. Mimi niliona vidole tu.

Sasa kaka, nivumilie. Umeandika kwamba gitaa lako limefifia, na hata nyuzi mpya hazikusaidia. Huenda pikapu zimechoka kweli. Lakini wewe ulisimama kushoto kwangu miaka yote ile ya bendi, spika zilezile. Kabla hujatuma fedha Dar, nenda kapimwe masikio. Mpe shemeji gitaa asikilize yeye. Na akikuambia jambo, usimjibu kama nilivyojibu mimi.

Wasalimie shemeji Eugenia, Precious na mdogo wake. Tereza na Justa wanakusalimu sana. Mungu aulinde mguu wako na akuachie kile ambacho mimi kimeniponyoka. Majibu yalete kwa barua, nitayasoma mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Shigela