Kaseti ya Siku ya Arobaini

Mpendwa Bibi Nevena,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana nyumbani nimeshachekwa vya kutosha, mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na moja, nakaa karibu na Chirpan, nina mke na wajukuu wawili, na shida yangu ni kaseti. Hapo utasema huyu mzee kachanganyikiwa, lakini tafadhali soma mpaka mwisho, kwa sababu Jumamosi ijayo natakiwa kuitoa kaseti hiyo mbele ya watu, na sijui niitoe kama ilivyo, niyakate maneno yaliyomo, au niitie moto kabisa.

Tangu ujana wangu naifuata Orkestra Karadere. Wewe ni wa rika letu, unakumbuka ilivyokuwa, redio haikuwapiga, serikali ya wakati ule haikuwaruhusu kutoa santuri, ukitaka kumsikia Mincho akipuliza klarineti yake ilibidi umfuate harusini, tena harusi ya watu usiowajua hata kwa jina, na tulikuwa tunasimama nje ya hema mia, mia mbili, wadoezi watupu, hatuli, hatunywi, tunasikiliza tu. Mimi nilikuwa mmoja wa wale walioitwa watu wa fimbo, kwa sababu maikrofoni tuliifunga kwenye fimbo ndefu tukaisogeza karibu na wanamuziki, na kanuni yetu ilikuwa moja, hakuna kuzima mashine ya kurekodia kati ya wimbo na wimbo, chafya na kelele na matusi ya mpishi vyote viingie, na mtu akikuletea kaseti iliyokatwa unamrudishia hapohapo. Leo ninazo kaseti mia nne na kumi na mbili, ziko kwenye kabati la stoo pamoja na mitungi ya achari, na mke wangu Zlatina huniambia, "Mzee, siku ukifa nitakuzika nazo zote, angalau nipate kabati."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka themanini na sita, mwezi wa kumi, baba alikuwa amefariki, na Jumapili moja ndiyo ilikuwa arobaini yake, mama na dada yangu Pena walikuwa wameamka mapema kuchemsha ngano ya kupeleka kaburini, na mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, ndevu sijanyoa tangu mazishi, utepe mweusi uko kifuani, muziki ni mwiko mpaka siku hiyo ipite, hayo unayajua. Lakini Bibi Nevena, Jumapili hiyohiyo Karadere walikuwa na harusi ng'ambo ya mto, na habari zilikuwa zimeenea kwamba Radko, yule mpiga akodiani, Mungu amrehemu, anataka kuacha bendi na huenda hiyo ikawa harusi yake ya mwisho, nami nikashindwa, kweli nilishindwa, nikamwambia mama naenda mara moja kununua mishumaa, nikapanda lori la Zhelyo lililokuwa limebeba zabibu, na kabla ya adhuhuri nikawa hemani, ndevu zangu usoni, na utepe nikasahau hata kuuvua.

Mara mvua ikashuka, si mvua ya mchezo, umeme ukakatika, spika kimya, mashine za wenzangu zote zikafa maana walikuwa wamezichomeka kwenye umeme, ila yangu ilikuwa na betri sita mpya, basi nikaichomeka fimbo chini ya turubai nyuma ya benchi la wanamuziki, nikaiacha ikizunguka, mwenyewe nikakimbilia chini ya lori. Na hapo ndipo Radko alipoanza kupiga peke yake, bila spika, wimbo wa taratibu ambao hakuna aliyewahi kuusikia, karibu robo saa, nikiwa chini ya lori niliusikia kwa mbali, nikaona wanawake wameacha kula, bwana harusi kasimama na sahani mkononi, nikawa naomba Mungu betri zisiishe. Wiki mbili baadaye Radko akafa barabarani akitoka harusi nyingine, na wimbo ule hakuupiga tena popote, duniani kote upo kwenye kaseti yangu tu.

Niliporudi nyumbani jioni bila hata mshumaa mmoja nilimkuta mama anaosha sufuria ya ngano, Pena ndiye aliyesema.

"Watu wameuliza mtoto wa marehemu yuko wapi. Mama kawaambia una homa. Mama kadanganya kaburini kwa ajili yako, unanisikia?"

Tangu siku ile Pena haniiti kaka, ananiita kwa jina kavukavu kama anaita muuza duka, na mama aliishi miaka kumi na tisa mingine bila kuligusia tena jambo hilo, lakini hayo ni mambo ya kifamilia, sitaki kukuchosha nayo.

Kaseti ile nikaiandika tarehe, nikaizungushia plasta, sikuisikiliza, aibu ilinizuia, ila sitakuficha, kujisifu nilijisifu, watu walinifuata kutoka Plovdiv, kutoka Yambol, wakanibembeleza, nikawa nakataa na kuheshimiwa kwa kaseti ambayo mimi mwenyewe sijaisikiliza. Sasa mwezi uliopita simu ikalia, nani? Mincho mwenyewe! Akaniambia, "Ndugu yangu wa fimbo, wewe ndiye kumbukumbu yetu, bila wewe sisi tungekuwa upepo tu." Bendi inatimiza miaka arobaini, wanatoa rekodi mpya, wanautaka wimbo wa Radko, na Jumamosi kwenye ukumbi wa utamaduni niitwe jukwaani niwakabidhi kaseti, watu wasimame wapige makofi. Nililia na simu mkononi, mpaka Zlatina akaja mbio, "Nani kafa?" nikamwambia hakuna aliyekufa, mwanamke wee, Mincho ananijua!

Basi Jumanne, Zlatina kaenda kwa jirani kuchoma pilipili hoho za kuweka mitungini, nikabandua plasta, nikaweka kaseti kwenye mashine, nikasikia mvua, nikasikia mtu analaani umeme, kisha nikasikia sauti ya Mincho, karibu kabisa, kana kwamba yuko jikoni kwangu.

"Umemwona yule wa Chirpan mwenye fimbo? Ana utepe kifuani. Dereva kaniambia leo ni arobaini ya baba yake."

Radko akasema, "Acha utani."

"Haki ya Mungu. Mama yake yuko makaburini, yeye yuko hapa anatukodolea macho. Mtu kama huyu ukimwambia mama yako anakata roho, atakuuliza mazishini inapiga bendi gani."

Wakacheka, Bibi Nevena, wote walicheka, mpiga ngoma alicheka mpaka akakohoa. Radko akasema, "Polepole, atakusikia." Mincho akajibu, "Asikie nini? Yule anasikia klarineti tu." Kisha Radko akasema basi yeye atampigia yule marehemu, maana mwanawe hana habari naye, ndipo akaanza ule wimbo, lakini hayo ya Radko siyo yaliyoniuma, kilichoniuma ni Mincho, mtu niliyemfuata kwenye theluji na matope miaka yote, niliyempa ujana wangu, kumbe kwake nilikuwa kichekesho cha kupitishia muda umeme umekatika, na leo ananiita ndugu!

Nimekonda, silali, chakula hakipiti. Mjukuu wangu anasema kwa kompyuta yake anaweza kuyatoa maneno yote ukabaki wimbo mtupu, hakuna atakayejua. Mara nyingine nasema nitaichoma, wakose wote. Mara nyingine nasema nitakwenda jukwaani, nitaweka kaseti kwenye mashine mbele ya ukumbi mzima, Mincho ajisikie mwenyewe, aone aibu aliyonipa. Nifanye lipi? Na je, miaka yangu yote hii nimeitupa?

Ni mimi,
Mtu wa Fimbo, Chirpan


NEVENA ANAJIBU

Mtu wa Fimbo,

Pole. Ipokee hiyo pole uiweke mfukoni, maana huko mbele sina nyingine.

Tuanze na huyo Mincho wako, tummalize upesi. Ana mdomo mchafu, na mtu anayemcheka mfiwa huku anakula nyama ya harusi ya watu si malaika. Leo anakuita ndugu kwa sababu ana haja na kitu chako. Hayo nakubali. Sasa niambie, siku ile alisema uongo gani? Arobaini ilikuwa ya uongo? Mama yako hakuwa makaburini? Utepe hukuuvaa? Umekasirika kwa kuwa mtu amekueleza ulivyo bila kujua kwamba mashine yako inazunguka. Za mwizi arobaini, na zako zimechukua miaka thelathini na miwili.

Unataka kuipiga ukumbini umwaibishe. Haya, ipige. Watu watamcheka Mincho kwa dakika moja, kisha ukumbi mzima utageuka kukutazama wewe. Unadhani watakuonea huruma? Watamuuliza jirani yao, "Huyu ndiye aliyemkimbia baba yake?" Na mtu wa Chirpan akiwa ndani atasema ndiye.

Kuyakata maneno ndiko kubaya zaidi. Maisha yako yote umewarudishia watu kaseti zilizokatwa, leo mkasi umeushika wewe, na unataka kukata nini? Radko alisema wimbo ule ni wa nani. Alisema kwa mdomo wake kabla ya kubonyeza kinanda. Wewe unataka dunia iusikie wimbo isijue aliyepigiwa. Nimekusoma, bwana. Maneno ya Mincho umeninukulia neno kwa neno, na kikohozi cha mpiga ngoma juu. Maneno ya Radko umeyapitia harakaharaka, ukaniambia siyo yaliyokuuma. Yangekuwa hayakuumi usingeyaandika kabisa.

Haya, nikueleze kilichotokea siku ile, maana wewe ulikuwepo na hukukiona. Mpiga akodiani aliyekuja kuchezesha harusi ya watu aliona marehemu asiyemjua hana mwana wa kumlilia, akaisimamisha harusi robo saa akamlilia yeye. Hakulipwa. Hata sahani ya bwana harusi ilingoja. Na mwana mwenyewe alikuwa chini ya lori la zabibu anaombea betri. Kisha mwana huyo akatembea na wimbo wa maombolezo ya baba yake miaka thelathini na miwili akijitapa nao Plovdiv na Yambol. Ningekuwa dada yako hata hilo jina kavu nisingekuita.

Umeniuliza ufanye nini. Sikiliza.

Kabla ya Jumamosi nenda kwa Pena. Kesho, ukiweza. Beba mashine na kaseti hiyo, usibebe kitu kingine, wala usimtume Zlatina atangulie kukulainishia njia. Usianze kwa maelezo, una maelezo mengi mno. Mwambie kuna jambo la baba hajawahi kulisikia. Bonyeza, ukae hapohapo kwenye kiti mpaka mwisho, na maneno ya Mincho ayasikie yote. Akikucheka, kaa. Akikutukana, kaa. Akilia, usimwambie anyamaze.

Wimbo ukiisha, muulize yeye kama utolewe. Yeye ndiye aliyebeba ngano siku ile, kwa hiyo neno la mwisho ni lake. Akikataa, mpigie Mincho simu umwambie hapana, bila hotuba. Akikubali, mpe Mincho kaseti nzima na kila neno lililomo, achague mwenyewe kama ana ubavu wa kulitoa hadharani, na sharti lako liwe moja tu, rekodini iandikwe wimbo huu Radko alimpigia nani. Kupanda jukwaani usipande. Makofi hayo si yako.

Na ngano chemsha. Wewe, kwa mikono yako, ikiungua uchemshe nyingine. Kaburi la mama yako liko palepale na la baba yako, safari moja inatosha kwa wote wawili.

Unauliza kama umeitupa miaka yako. Sijui. Muziki mzuri si dhambi, na bila watu kama wewe ungepotea mwingi. Ila barua yako nimeisoma mara tatu, kwa miwani na bila miwani. Mincho yumo kila ukurasa. Radko yumo. Hata Zhelyo wa zabibu yumo, na betri umenihesabia zilikuwa sita. Baba yako jina lake sijaliona popote. Kabla hujaenda kwa Pena, futa kile kitarehe ulichokiandika juu ya kaseti, uandike hapo jina lake.