Mlima Uliouita Wako

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Nasikia unawaambia watu kwamba Jumamosi nilikuvizia. Umemwambia hata dada yako, naye akanipigia kuniuliza nimepatwa na nini, mtu mzima kumkomoa mwenzake kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Ulinidharau hadharani, kwa hiyo nakujibu hadharani. Ni kweli nilikuvizia. Nataka ujue sababu, na ujue kwamba ningerudia hata kesho.

Unakumbuka tulivyoanza? Ilikuwa masika, mawingu yamefunika milima yote, na chumba changu pale Mwembesongo kilikuwa kinavuja juu ya kabati. Tulisogeza kitanda, tukaweka kompyuta yangu juu ya kiti cha plastiki. Ya kwako ulikuja nayo mgongoni, umeizungushia mfuko wa nailoni isilowe. Mchezo ukatutupa kwenye nchi isiyo na mtu, mikono mitupu. Kuokota vijiti, kugonga mawe upate shoka, kukimbizana na njaa na baridi. Wewe ulikufa kwa baridi ukiwa bado unachagua rangi ya kofia. Nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

"Nyie watoto, mna nini humo?"

"Tunatafuta kuni, mama!" ukamjibu.

"Kwenye mvua hii? Mna wazimu."

Tulipoupata mlima humo mchezoni tukagombana. Wewe ni mtoto wa mashamba ya miwa. Baba yako alikuja kutoka mbali kufanya kazi kiwandani, ukakulia kwenye ardhi iliyonyooka kama meza. Ulitaka tuuchimbe mlima wote uwe tambarare. "Kwani nyie Waluguru mnalalaje huko juu? Mnajishikilia kwenye migomba?" Nikakwambia mlima wangu haukatwi kichwa. Nikakuonyesha jinsi ya kupanda kwa kufuata mteremko, magimbi chini kwenye maji, migomba juu yake, mdalasini kule kwenye mawe, kama bibi yangu alivyopanda kwetu Mkuyuni. Ulijifunza haraka. Ilipofika kiangazi tulikuwa na zizi, kisima, njia ya mawe, na wewe ulikuwa unawaita mbuzi kwa majina.

Bibi alipofariki ulinisindikiza mazikoni. Ulikipanda kile kilima na viatu vya ofisini, na mjomba wangu akakushika mkono njia nzima usidondoke. Tuliporudi mjini sikuweza kulia mbele ya mtu. Nikafungua mchezo, nikajenga jiko lake. Fito, udongo, mafiga matatu, dari la kukaushia mahindi, kigoda karibu na mlango kwa sababu alipenda kuona nani anapanda njia. Ulikaa pembeni yangu. Kisha ukauliza, "Moshi utokee wapi?" Nikakuonyesha. Ukatoboa paa pale pale. Sijawahi kukupenda kama siku ile, na ndiyo maana siwezi kukusamehe.

Ulipopata kazi Dar tuliachana kwa simu, kistaarabu. Uliomba kitu kimoja tu, niendelee kukufungulia mlima. Wanaosoma barua hii waelewe: nchi ya mchezo ule hukaa kwenye kompyuta ya aliyeianzisha, na aliyeianzisha ni mimi. Nisipofungua, huingii. Nilikubali. Nilikuwa naiacha kompyuta inawaka nikienda kazini, nikidhani unakwenda kule kukumbuka.

Kumbe unarekodi.

Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenionyesha video. "Hebu mwone huyu kaka, amejenga kama kwenu." Nikauona mlima wangu, nikasikia sauti yako: "Karibuni shambani kwangu. Nimejenga mwenyewe, kwa mikono hii." Msichana akacheka karibu yako, akauliza kama kweli hukusaidiwa na mtu. Ukasema, "Kulikuwa na mmoja. Alikuwa ananiokotea kuni."

Kisha mkafika jikoni kwa bibi.

"Na hiki kibanda?" akauliza.

"Ah, hiki kinaharibu mandhari."

Ukang'oa mafiga, ukatandaza majani, ukaingiza mbuzi. Wewe uliyetoboa lile paa.

Sikukuandikia. Nilikaa na ile hasira kama mtu aliyeficha kaa la moto kinywani, nikifanya kazi, nikisalimia watu. Ukanirahisishia wewe mwenyewe: "Mambo mrembo. Jumamosi mchana narusha moja kwa moja mtandaoni, watu wanausubiri mlima. Nifungulie basi, usiniangushe." Hukuuliza hata hali.

Nikapanda gari kwenda Mkuyuni kwa mjomba. Kwetu jambo la ardhi ni la ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Nilimkuta sokoni amekaa nyuma ya mananasi yake. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, nikitegemea atanicheka. Hakucheka.

"Ardhi ni ya nani?"

"Yangu, mjomba. Iko kwenye kompyuta yangu."

"Wewe ulikwenda kwake, au yeye alikuja kwako?"

"Alikuja kwangu."

"Na hao mbuzi wa kwenye kompyuta wanazaa?"

"Wanazaa."

Akafikiri, akageuza nanasi moja upande wa pili. "Sasa unaniuliza nini? Mwanaume akija kulima ukweni, mkiachana anatoka na jembe lake na nguo zake. Migomba inabaki. Huyo kijana anajua."

"Hajui, mjomba. Kwao ni kwenye miwa."

"Basi atajua."

Ndivyo nilivyofanya, sikuongeza wala sikupunguza. Nilizungushia mlima ukuta wa mawe nikauwekea lango. Nikabadilisha mahali pako pa kuingilia, ukawa unatokea kule chini mchangani, mbali na kila kitu. Nikakuwekea sanduku lenye jembe lako na nguo zako. Jumamosi mchana nikakufungulia, kama ulivyoomba.

Watu wako walikuwa wanausubiri mlima, wakaona mchanga. Ukacheka, ukasema ni hitilafu ndogo. Ukakimbia mpaka langoni, ukanikuta nimesimama kwa ndani. Wakati huo baridi ya mchezo ilikuwa imeanza kuuma, na watazamaji wakaanza kuandika: kaka, washa moto. Ukazungukazunguka. Tangu siku ya kwanza moto wa mlima ule niliuwasha mimi. "Kwani vijiti vyenyewe ni vipi?" ukamnong'oneza yule msichana, na wote wakasikia. Mtu mmoja akaandika, "Mpigie yule wa kuni." Ukafa mbele yao. Ukarudi, ukafa tena. Ukaniandikia, "Fungua tuongee." Nikakujibu kwamba jembe lako liko sandukuni.

Nilitegemea baadaye nitajisikia vibaya. Mimi ni mtu wa kujichunguza, unanijua, naweza kulalia neno moja wiki nzima. Nimejichunguza. Nimetafuta huruma kila mahali ndani yangu, nikaishia kupata usingizi mzuri. Jiko la bibi nimelijenga upya, mbuzi nimewatoa, na jioni nikirudi kutoka kazini naingia nakaa kwenye kigoda nione kama kuna anayepanda njia. Hakuna. Dada yako anasema umefunga ukurasa wako na huli vizuri. Nimefurahi. Naandika hivyo nikiwa na akili timamu.

Amenifikishia pia ombi lako, kwamba nikupe angalau mbuzi wachache ukaanzie mahali pengine, maana uliwalea. Hilo nalo nililipeleka kwa mjomba, kwa sababu sitaki useme nimekudhulumu.

"Mpe," akasema. "Asije akasema kwetu wachoyo. Ila mpe dume."

Basi nimemfunga nje ya lango. Ni dume mmoja, ana afya, na jike lake hutalipata kwangu. Jumapili mchana nitakufungulia kwa ajili yake tu. Mchukue uende naye, na ukifika huko uendako, waambie watu umemtoa kwa nani.

Mimi,
uliyekuwa ukiniita mchumba