Sanduku la Kimo Changu

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimepiga randa tena. Mbao za kabati langu la nguo ni nzuri, za zamani, ngumu kama mtu aliyeniuzia. Umeme ulikuja asubuhi, nikawahi kulehemu nyaya za vibonye. Vibonye nimeng'oa kwenye kengele za milangoni. Mipini miwili ya kuendeshea ni ya gia za malori.

Ubao wa umeme, huo ndio akili ya mchezo wenyewe, aliniachia mwenye baa alipofunga na kuhama. Mashine yake ya mchezo wa video, ile ya kutia sarafu, ikiharibika nilikuwa naitengeneza mimi. Waporaji walibeba sanduku na kioo, ubao wakauona takataka. Sasa naujengea sanduku jipya. Televisheni yangu itakuwa kioo.

Kwa nini? Nataka watu waje. Basi. Tangu Wakasai, watu wa mkoa wa Kasai, walipofukuzwa hapa Likasi, mke wangu, naye Mkasai, akapanda treni na watoto kwenda kwa ndugu zake, hakuna anayepiga hodi hapa. Mimi nilibaki kulinda kazi ya kiwandani. Mshahara ukafa, kazi ikaufuata. Nalinda kuta.

Jumatano, 8 Machi
Tatizo la vipimo. Mchezaji anasimama. Kioo kiwe usawa wa macho, vibonye usawa wa viwiko. Mbao ni ndefu, na sina mtu wa kunishikia upande wa pili. Nikalaza sanduku uani, nikaingia, nikalala chali, nikajipima kwa penseli. Macho hapa. Viwiko hapa. Nikabaki humo kidogo, jua lilikuwa tamu.

Nilipoinuka, Mama Régine wa jirani alikuwa amesimama kwenye ua na ndoo yake. Nikamsalimu. Hakujibu. Maringo gani haya.

Ijumaa, 10 Machi
Kabati limekwisha kufumuliwa, nguo hazina pa kukaa. Suti nimezipeleka parokiani wapewe wenye shida, hata ile ya harusi. Katekista akauliza kama niko salama. Nikamwambia nina kazi moja tu ya kumalizia, kisha nitapumzika. Alinishika mkono muda mrefu. Mtu mwema, lakini mikono ina jasho.

Jumapili, 12 Machi
Ajabu. Baada ya misa Mama Régine kaja na bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa Tshangalele. Kakaa mpaka jua likageuka. Tumesema habari za mvua na mahindi. Sanduku nimelifunika turubai, hakuligusa wala kuliuliza. Nimekula mpaka nikaona aibu.

Jumanne, 14 Machi
Baba Donatien, tuliyekuwa naye kiwandani, yeye upande wa mabomba. Siku hizi tunasalimiana njiani tu. Leo kaja, kakaa, kaangalia miguu yake. Hana maneno, hajawahi kuwa nayo. Lakini kiti kilikuwa na mtu.

Katekista naye kapita, kaazima msumeno na misumari yangu yote. Yote! Anajenga nini huyu?

Alhamisi, 16 Machi
Wanapokezana. Jana akina mama wa sala, leo tena Donatien. Wameimba humu ndani. Nina furaha. Inaniogopesha, lakini ni furaha. Mashine haijawaka na tayari inavuta watu.

Jumamosi, 18 Machi
Nimejua.

Katekista kanivuta pembeni. "Baba Placide, ile sanduku uiache. Muntu hajitengenezeaka sanduku yake ya kuzikiwa."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Mama Régine aliniona nimelala ndani. Suti nimegawa. Nimesema nitapumzika. Hata mimi ningeamini.

Ilikuwa nifunue turubai palepale. Sikufunua. Niliinamisha kichwa nikasema nitafikiri. Uongo mtupu. Nikisema kweli, kesho nani atakuja?

Sikutaka kufa. Niliwaza tu kwamba siku nikifa, hakuna atakayejua mpaka harufu iseme. Si kitu kimoja.

Jumatatu, 20 Machi
Nimenyamaza tena. Najichukia.

Jumatano, 22 Machi
Mama Régine kaniletea sahani. Mtoto wake wa mwisho kamfuata mpaka mlangoni, macho kwenye bukari. Nikaelewa inatoka kwenye sufuria ya nani.

Nikaweka sahani chini. Umeme ulikuwepo. Nikawaita: yeye, katekista, Donatien. Nikafunua turubai, nikasimamisha sanduku. Sarafu hazipo tena nchi hii, kwa hiyo tundu la sarafu nimelipima kwa rondela za kiwandani, zile pete bapa za chuma za kukazia bolti. Nikatia moja. Kioo kikawaka, ndege ndogo za vita zikaanza kulia na kupigana.

Mama Régine akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema, "Bukari ya batoto yangu, ni juu ya hii?"

Akachukua sahani yake akaenda. Katekista nyuma yake. Donatien akatazama vibonye, akatoka.

Ijumaa, 24 Machi
Hakuna mtu. Mama Régine amekataza watoto wa mtaa wote: sanduku alilolala mtu mzima si la kuchezea. Mashine inafanya kazi vizuri sana. Nimecheza upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Wa kulia kashinda. Nimemchukia.

Jumanne, 28 Machi
Umeme umekatika tangu Jumapili. Kibonye kimoja kimekwama, nimekifungua karibu na dirisha, nikakisafisha.

Hodi. Donatien.

Nikamwambia mapema: si mgonjwa, sifi, anaweza kwenda. Akakaa.

"Minye nilijua siku ya kwanza," akasema. "Turubai ilikuwa fupi. Sanduku ya mufu haina matundu ya bouton ya kufinya."

"Sasa ulikuwa unakuya juu ya nini?"

Akasugua magoti. "Kwangu mule kuko kimya sana."

Mke wake tulimzika mwaka jana. Nilikwenda matanga, nikala, nikaimba, kisha sikukanyaga tena kwake. Sikuwaza hata mara moja.

Tulikaa mbele ya kioo cheusi. Aliweka vidole kwenye vibonye vya kulia, akabonyeza kimoja kimoja bila haraka. Alipoinuka nikamwomba arudi kesho, umeme uwepo usiwepo. Akasema hapana, kesho niende mimi kwake.