Mjomba Tu

Leipzig, Ujerumani

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti likuache angalau ufike sokoni. Mimi mwili hauna neno, ila hasira zimenifika shingoni. Ndiyo maana sikupiga simu, nikaamua kuandika na kumpa mwenzetu wa Handeni anayerudi nyumbani. Kwenye simu ningepayuka, ukadhani nakugombeza wewe.

Kila ukiniuliza kama nitafika kwenye harusi ya mwanao Zaina, nakujibu inshallah kama mtu anayekwepa. Ukweli ni huu. Seva ya kazini, ile kompyuta kubwa inayokatia watu tiketi za treni, inaanguka ovyo, na mimi ndiye ninayetafuta sababu. Mkuu wetu alisema ruhusa hakuna mpaka ipatikane.

Wewe unapangisha vyumba hapo Masuguru, utanielewa. Programu huomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine, ikimaliza inairudisha. Sasa kuna mpangaji amerudisha ufunguo, kumbe kabaki na wa akiba. Akijisikia anaingia na kutupa mizigo yake kitandani kwa mpangaji mpya. Anayeanguka ni huyo mpya, kwa hiyo kila tukichunguza tunamkamata asiye na kosa!

Wenzangu nao wana tabia ya kuudhi: seva ikianguka tu, wanaizima na kuiwasha, ushahidi wote unafutika. Nimewasihi, "Jamani, iacheni niitazame." Wananijibu, "Si imewaka?" Nikiiwekea programu ya kuichunguza, inatulia kama mwali ndani. Nikiiondoa, chini.

Juzi nilimbembeleza mama wa zamu asiiguse. Ilipoanguka akaniita, nikafuata nyayo mpaka kwenye kipande cha zamani cha programu, juu yake kimeandikwa: "Usiguse, inafanya kazi." Miaka nenda miaka rudi watu wamekipita kwa heshima. Mpangaji alikuwa humo humo, na aliyekiandika ni mkuu mwenyewe.

Nilidhani atafurahi. Akasema marekebisho yasubiri, wasafiri ni wengi sasa hivi, na mimi nibaki niwe naiwasha seva. Nikamkumbusha ruhusa yangu ya harusi.

"Ya mtoto wako?"

"Ya mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye mjomba."

Akatabasamu. "Ah, mjomba tu."

Nilitaka kumweleza kwamba sisi Wazigua, mjomba asipokuwepo, binti hatoki ndani. Kijerumani kikanikimbia. Nikabaki nasema "siyo tu, siyo tu" mpaka machozi yakanilenga, mtu mzima mimi.

Basi nimekata tiketi. Marekebisho nimeyamaliza na kumkabidhi. Kuyatia au kuyaacha ni shauri yake. Huenda nikirudi huku nisikute kazi. Hilo linanitisha, sikufichi.

Mama mkubwa wa Mpale mpe shikamoo yangu. Fundi cherehani, jirani yako, aanze kanzu yangu kwa vipimo vya zamani, tumboni aongeze kidogo, na asicheke. Binamu yetu Shabani nasikia amejitolea kusimama badala yangu. Mshukuru sana, mpe kiti cha mbele, ale ashibe. Zaina nitamtoa mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Rajabu, mjomba wa Zaina